Mama Upindo Alivyokataa Kutugawa

Siku tulipomzika Bibi, binamu yangu alisimama na kikaratasi akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu sita, akaugua kwa muda mfupi, akafariki. Miaka themanini na tisa ilikwisha kabla mtu hajapata nafasi ya kukohoa. Nilikaa pale nimekunja uso, na haikuwa huzuni peke yake. Nilikuwa na hasira. Hata cherehani haikutajwa! Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na mfiwa ni mimi, kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mama Upindo. Alikuwa fundi wa kushona, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Kila sketi na kila kaptura iliyopita mikononi mwake iliachiwa upindo wa vidole vinne, ili mtoto akirefuka nguo nayo iteremshwe. Mafundi wenzake walimcheka. Walisema anajinyima kula, maana mteja wake harudi mpaka miaka mitatu ipite. Yeye aliwajibu, "Wangu akirudi, anarudi na wadogo zake."

Ufundi hakuupata shuleni. Babu ndiye aliyekuwa fundi, akafariki mtoto wao wa nne akiwa bado ananyonya. Wakati huo Bibi hajui hata kukanyaga pedali. Alichukua suruali za Babu akazifumua moja moja, akazishona upya, akakosea, akafumua tena, mpaka akajua kila kipande kinakwenda wapi. Watoto wake wanne walikulia chini ya meza ya cherehani wakichezea vitambaa vilivyobaki, na wote walijua kushona kabla hawajajua kusoma. Mjomba wangu, mwanawe wa kwanza, hadi leo hapendi tusimulie kwamba alikuwa bingwa wa vifungo.

Nisimpambe sana, alikuwa mkali. Aliweza kukusema wewe, shoga yako na mwalimu wako kwa pumzi moja, pini tatu zikiwa mdomoni, na asidondoshe hata moja. Chai alitaka iwe ya moto hadi ulimi unung'unike; ikipoa kidogo aliuliza kama tumeichota bombani. Alishona mpaka miaka themanini na miwili, na alipoacha kushona akahamia kuwakosoa wanaoshona. Wajukuu wote aliwalea kwa namna moja au nyingine. Lakini watatu kati yetu alitulea hasa, na ni katika kutulea sisi ndipo alipofanya jambo ambalo binamu yangu na kikaratasi chake hawakulijua.

Mama yetu alikuwa binti yake wa tatu. Alifariki nikiwa na miaka saba, mdogo wangu wa kiume ana minne, na kitindamimba wetu ana mwaka mmoja na nusu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baba alikuwa amekwenda kutafuta maisha mbali, na maisha hayakumrudisha. Matanga yalipokwisha, wakubwa wakakaa sebuleni kwa Bibi kutujadili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nikasikia yote.

Mjomba ndiye aliyeongoza kikao. Alikuwa karani wa ghala, mtu wa mistari iliyonyooka. Sisi tulimwita Rula, bila yeye kujua. Alikuwa na mpango tayari. Mimi ningekwenda kwake, mdogo wangu angechukuliwa na Mama Mkubwa, dada yake mama, na kitindamimba angepelekwa kwa upande wa baba.

"Umri wako umekwenda, Mama," alisema. "Tugawane watoto, upumzike."

"Mgawane?" Bibi akauliza. "Kwani ni viazi?"

Walibishana mpaka chai ikapoa, na Bibi hakuinywa. Mwishoni Mjomba akakata shauri. "Haya. Wakae na wewe maadamu unajiweza. Siku ukishindwa, hakuna kikao tena. Kila mtu atachukua wake."

Mwaka haukuisha, macho ya Bibi yakaanza kumsaliti.

Kwanza hatukujua. Aliacha kwenda ibada za jioni, akasema magoti yanamsumbua. Akaacha kutunga uzi kwenye sindano mwenyewe, akasema mimi nijifunze kazi. Siku moja nilirudi shuleni nikasimama mlangoni nikimtazama akishona, sikusema neno. Akainua uso, akanigeukia moja kwa moja, akauliza, "Nani hapo?" Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na jua limejaa chumba kizima.

Alinikalisha kwenye kigoda. Akaniambia kwamba anaona mwanga na kivuli basi, hata uso wangu haoni. "Sasa nisikilize," akasema. "Neno hili likitoka nje ya mlango huu, mtagawanywa. Umenielewa?" Nilielewa. Nilikuwa na miaka tisa, na nilimkasirikia kwa kunipa mzigo ule, kisha nikaubeba.

Basi tukawa watu wa mbinu. Asubuhi kabla ya shule nilitunga sindano kumi na mbili nikazichomeka kwenye kimto, na cherehani nikaiacha na uzi mweupe. Nyuzi zake zilikaa ukutani kwenye misumari saba, kila rangi na msumari wake, nyeupe mwanzo kabisa karibu na dirisha, ili wa cherehani ukiisha Bibi aunge mwingine bila kuuliza. Vitambaa alivijua kwa vidole, vipimo alikuwa ameshavikata zamani kwenye makaratasi magumu, na pembeni ya sindano alibandika kijiti cha kiberiti ili mshono ufuate hapo usiyumbe. Kiti hakihamishwi. Ndoo haiachwi njiani. Tukienda sokoni alinishika bega, na watu wakadhani ananizuia nisikimbie.

Lakini mbinu kubwa ilikuwa salamu. Mgeni yeyote akitokea, yule kati yetu aliyekuwa karibu alipaswa kumwamkia kwa sauti ya kufika chumbani. "Shikamoo Mama Mkubwa!" "Shikamoo Babu Seremala!" Bibi akisikia alijua nani kaja, akageuza uso upande huo, akaanza, "Ehee, karibu, na mguu wako unaendeleaje?" Sifa zetu zilienea mtaa mzima. Wazazi wengine waliwachapa watoto wao wakiwaambia waige adabu ya wajukuu wa Mama Upindo. Ninawaomba radhi wote waliochapwa.

Miaka ilipita hivyo. Mimi nikafika kumi na moja. Kitindamimba akatimiza mitano na ushee, na yeye hakujua kwamba kuna siri. Kwake nyumba zote duniani watu husalimia kwa kupiga kelele. Siku hiyo ilikuwa karibu na kufungua shule, na Bibi alikuwa na mashati meupe kumi na moja ya kumaliza. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumekwenda kusafisha madarasa. Bibi alitoka kidogo uani kuanua nguo. Kitindamimba akabaki na ule ukuta wa nyuzi.

Niliporudi mchana, nilimkuta Mama Mkubwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa amefuata shati la mwanawe, na kitindamimba alikuwa amemwamkia vizuri tu, kwa hiyo Bibi hakuwa na wasiwasi. Mama Mkubwa alikuwa ameshika shati moja kwa ncha za vidole.

"Mama, hii ndiyo fasheni mpya?"

"Nyie mmezoea mambo ya kizamani," Bibi akajibu kwa raha zake. Hakujua anaulizwa nini, lakini hakuwa mtu wa kukosa jibu.

"Shati jeupe la shule, uzi mwekundu? Yote kumi na moja?"

Niliona mkono wa Bibi ukienda polepole kwenye mshono, kana kwamba vidole vingeweza kumwambia rangi. Kitindamimba akaruka mbele, furaha tele usoni.

"Bibi, ni mimi nilizipanga! Zilikuwa zimechanganyika. Nyekundu nimeiweka na ya waridi hapa dirishani, kwa sababu ni ndugu. Na nyeupe nimeiweka na ya maziwa. Kila mmoja na ndugu yake!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi alinyoosha mkono hewani mpaka akaupata ule utosi, akaushika. "Umepanga vizuri, mwanangu," akasema. "Ndugu wakae pamoja." Hakumwambia lingine juu ya nyuzi zile, siku ile wala siku nyingine yoyote hadi kufa kwake. Mama Mkubwa aliaga bila kunywa chai. Hakuwa mtu mbaya, lakini neno tumboni mwake halikuwahi kulala hata siku moja.

Jumamosi Mjomba akaja.

Bibi alijua atakuja. Alituamsha mapema, akatuogesha hadi ngozi ikalia, akatukata kucha kwa kupapasa, akatukalisha kibarazani kumsubiri. Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba nikipelekwa kwa Mjomba nitagoma kula. Mdogo wangu alimshika kitindamimba mkono na hakuuachia asubuhi nzima.

Rula hakuwa mjinga. Alipofika kwenye ngazi, Mama Mkubwa nyuma yake, alituona tumevuta pumzi tayari kumwamkia. Akaweka kidole mdomoni. Akatukazia macho, akavua viatu, akaingia kimyakimya hadi katikati ya sebule, akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa ameketi pale kwenye cherehani. Alitaka aone kama mama yake atamwona. Nilitaka kupiga kelele, lakini mkubwa akikukataza umekatazwa. Bibi aligeuza kichwa kidogo, akasikiliza.

Ndipo kitindamimba akapenya katikati ya miguu yetu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo Mjomba!" alipaza sauti kama alivyofundishwa. "Mjomba, mbona umeweka kidole mdomoni?"

Sijawahi kumwona mtu mzima akiaibika vile. Kidole kilishuka, kikatafuta mfuko, kikaukosa. Na Bibi, badala ya kucheka, alivua tepu ya kupimia shingoni akaikunja taratibu.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Huna haja ya kunyata ndani ya nyumba ya mama yako. Sioni. Huu mwaka wa nne."

Mama Mkubwa alianza kulia. Mjomba akakaa.

"Basi, Mama. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikishindwa. Wewe una macho mawili mazima. Waangalie hao watoto uniambie nimeshindwa wapi."

Akatuita ndani. Mjomba, kwa kuwa alikuwa karani, alitukagua kweli: kola, vifungo, kucha, masikio. Alifungua madaftari yetu. Alipindua upindo wa sketi yangu akautazama ndani na nje. Mwishoni Mjomba akasafisha koo.

"Hakuna kilichopungua," akasema. "Lakini Mama, hili si suala la vifungo. Jiko likiwaka moto je? Huyu mdogo akitoka barabarani je? Wewe umekwenda hospitali?"

Hapo kwa mara ya kwanza Bibi alikosa jibu. Alikaa akiipapasa ile tepu. Kisha akavuta droo ya cherehani, akatoa kadi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, ambayo mimi na mdogo wangu, tuliodhani tunajua siri zake zote, hatukuwahi kuiona.

Mjomba aliisoma, akairudia. "Hii ni ya miaka mitatu na nusu iliyopita. Wanasema ni mtoto wa jicho. Wanasema unatolewa, unaona! Mama, kumbe ulikuwa na dawa?"

"Walitaka nilazwe siku kumi."

"Sasa siku kumi ni nini?"

"Siku kumi ningewaacha na nani?" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Na wewe? Nakujua, nimekuzaa. Ungesema twende nao kwa muda tu, Mama akitoka watarudi. Mmoja kwako, mmoja kwa dada yako, yule mchanga ndiyo kabisa, kwa watu hata nyumba yao siijui. Na mimi natoka hospitali nimefungwa macho, naanzia wapi kuwakusanya? Niambie uongo. Niambie ungewaacha hapa."

Kama Mjomba angesema uongo pale nadhani nisingemsamehe. Hakusema.

Mimi nilikuwa nimeganda ukutani. Miaka miwili nilikuwa nimetunga sindano nikidhani namsaidia mzee ambaye Mungu amemchukulia macho. Kumbe macho yalikuwepo, yanamsubiri hospitalini, na yeye alikuwa akikaa gizani kila siku kwa hiari yake ili sisi watatu tulale chumba kimoja. Nililia kwa hasira. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja, na hadi leo sijajua ningeanza na lipi.

Mjomba aliondoka bila kuaga. Tukadhani amekwenda kuita gari la kutuchukulia. Jua lilipoanza kuteremka akarudi kwa miguu, na begi la nguo.

"Kesho kutwa unalazwa," alimwambia Bibi. "Mimi nimeomba likizo. Nitakaa hapa na hawa."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

"Apa."

Na Mjomba, mtu mzima mwenye watoto wake na heshima zake, akaapa. Hata hivyo Bibi hakumwamini. Kabla ya kuondoka alininong'oneza kwamba nikimwona mjomba wangu anakunja nguo zetu kwenye mifuko, nikimbie kwa jirani yetu Babu Seremala nikapige yowe.

Siku kumi za Rula zingestahili kitabu chake. Alipika uji ukasimama wenyewe. Alimsuka kitindamimba nywele, mtoto akatoka amekonda uso kwa kuvutwa. Alitupanga mstari kwenda kuoga. Lakini siku ya kwanza tu, baada ya kuosha vyombo, alivuta kiti kwenye cherehani, akachukua wembe, akaanza kufumua ule uzi mwekundu, shati baada ya shati. Siku ya tatu akayashona upya yote kumi na moja kwa uzi mweupe, mshono umenyooka kama wa Bibi mwenyewe. Tulimwangalia midomo wazi. Vifungo alivishona bila hata kutazama.

Siku ya nane Mama Mkubwa alikuja, akasema amekuja kumchukua kitindamimba akalale kwake siku mbili tatu, angalau kumpunguzia kaka yake kazi. Alisema kwa wema. Mjomba alikuwa amepiga magoti anapuliza jiko, macho mekundu kwa moshi.

"Hatoki mtu," akasema, na akaendelea kupuliza.

Siku ya kumi na mbili, si ya kumi, ndipo Bibi aliporudi. Zile siku mbili za ziada madaktari walizitumia kwenye jicho la kushoto, na hazikusaidia kitu. Lilikuwa limekaa mno bila tiba, likafa. Daktari alimwambia Mjomba kwamba mgonjwa angefika mapema, angetoka na yote mawili. Mjomba alituambia ukweli huo tulipokuwa wakubwa, na nimeuandika hapa kwa sababu hakuna aliyeusoma makaburini. Jicho moja la bibi yetu lilikwenda kwa ajili yetu, na aliishi miaka thelathini baada ya hapo bila kulitaja hata siku tulipomuudhi.

Alishuka kwenye teksi akiwa na pamba jicho la kushoto, la kulia liko wazi, jekundu, linatoa machozi kwa mwanga. Sisi tulikuwa tumesimama kibarazani kwa mstari, kazi ya Rula. Mjomba alitaka kumshika mkono apande ngazi, akamkatalia. Alipanda peke yake akitazama chini, anaiangalia kila ngazi. Kisha akainua uso.

Alianza na mimi. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akaninyooshea kidole. "Mmoja," akasema. Akahamia kwa mdogo wangu, aliyekuwa ameng'oka meno mawili ya mbele na anajitahidi kuficha. "Wawili."

Kisha akamfikia kitindamimba. Mara ya mwisho kumwona, mtoto yule alikuwa wa kubebwa mgongoni. Sasa alisimama mbele yake msichana mwenye miguu mirefu, na nywele zilizosukwa vibaya na karani wa ghala. Bibi alimtazama kwa muda mrefu sana. Kitindamimba, aliyezoea kwamba kila anayetokea lazima atangazwe, akavuta pumzi.

"Shikamoo Bibi! Ni mimi!"

"Nakuona," Bibi akasema. "Watatu."

Ndipo akaomba kiti.